Crossroads si watershed: maneno ya Kiingereza ya pale mambo yanapogeuka

Nafundisha Kiingereza na kutafsiri hapa Goma, na kuna kosa moja nalikuta kila mwaka kwenye makaratasi ya wanafunzi: jambo likiwa kubwa tu, wanaandika "crossroads" ama "turning point", lolote lililo karibu na mkono. Kamusi nayo haiwasaidii, ju inayaweka yote mstari mmoja kama ni ndugu wa tumbo moja.

Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mlipuko wa Nyiragongo, volkano ya hapa Goma, wa tarehe 22 Mei 2021 ulikuwa "a crossroads" kwa familia yao. Nikamuuliza, ule usiku, mbingu imekuwa nyekundu, nani alikuwa anachagua kitu? Akanyamaza kidogo. "Hapana Prof, tulikimbia tu." Lakini tarehe 27, amri ilipotoka watu wahame, mama yake alisimama mlangoni, godoro limeshafungwa kamba, anauliza twende Sake, tuvuke Gisenyi, ama tutafute boti ya Bukavu? Hiyo njo crossroads! Njia panda inataka mtu aliyesimama, njia ziko mbele yake na mguu bado hajaweka. Mlipuko wenyewe ni turning point, ni kona, na kona kama hiyo mara nyingi unaijua ukishaipita.

Sasa neno ninalolipenda kuliko yote: "watershed". Watu wanaona "shed" wanafikiria kibanda cha maji, kumbe hiyo shed inatoka kwa kitenzi cha zamani cha kutenganisha, Wajerumani wanasema Wasserscheide, Wafaransa ligne de partage des eaux. Na sie wa Goma tunaishi kando yake kabisa. Maji ya ziwa Kivu yanatokea Bukavu kwa Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanashika Lukuga mpaka Lualaba, mwisho yanamwagika Atlantiki. Vuka volkano ufike Rutshuru, mto unaenda kaskazini, ziwa Edward, Semliki, ziwa Albert, Nile, hadi Mediterania. Matone mawili ya mvua moja, yameanguka huku na huku ya mlima, hayatakutana tena njiani, na hakuna hata moja lililochagua. Kwa hiyo ukisema mwaka fulani ulikuwa "a watershed", unasema ya kabla yalikuwa yanaelekea upande mmoja na ya baada upande mwingine kabisa, si kwamba mtu alikaa akaamua. (Angalieni ripoti za mazingira, sana sana za Wamarekani: humo watershed ni eneo zima ambalo maji yake yanaingia mto mmoja, haina habari na historia.)

"Crisis" inanisikitisha kidogo, ju tumeichakaza. Kwetu krizi ni shida isiyoisha, na Waingereza wa leo nao wanaitumia hivo hivo. Asili yake ni Kigiriki, krisis, kuamua, kutenga hiki na kile, na waganga wa zama za Hippocrates waliita hivo ile saa ugonjwa unapoamua: mgonjwa apone ama afe. Aliyekesha na mtoto mwenye homa kali anaijua, unabadilisha kitambaa cha maji, unashika paji la uso, halafu karibu alfajiri jasho linatoka na mwili unaanza kupoa. Ile saa moja njo crisis. Ukikuta neno hili kwenye vitabu vya zamani vya Kiingereza, soma hivo.

"Crucial", yaani ya kuamua mambo, nayo imetoka njia panda: Francis Bacon, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1620 aliandika instantia crucis, akimaanisha ule msalaba wa mbao unaosimama njia zinapoachana kuonyesha uende wapi. Na "crossing the Rubicon" ni Kaisari, jemadari wa Roma, mwaka 49 kabla ya Kristo: Rubicon ni kamto kadogo tu, lakini kukavuka na jeshi ilikuwa vita na Roma yenyewe, kwa hiyo iweke kwa mtu aliyejua hakuna kurudi na bado akavuka.

Imebaki "tipping point", pale kitu kidogo cha mwisho kinapoangusha yote, na hii simfundishi mtu wa Goma, namwambia aangalie chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, imebeba magunia ya makaa. Gunia la kwanza, la pili, la tano, inaenda. Wanaongeza moja, dogo hata kuliko mengine, na yote yanalala barabarani.