Pikipiki Iliyolala Haikupumzika

Juma lililopita mzee mmoja alifika kwenye karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, na pikipiki ya Honda CG125 juu ya guta, na kabla hatujamaliza kujuliana hali akaniambia maneno ninayoyasikia kila mara: "Mwanangu, hii haina ubovu. Tangu 2018 haijatembea hata kilomita moja. Ni betri tu." Kwa kuwa ni mzee nilimwitikia kwa adabu, lakini hapa nitayasema niliyoyameza pale.

Kwanza, betri. Katika CG125 moto wa plagi hutoka kwenye sumaku ya injini, kwa hiyo pikipiki hiyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Honda waliianza 1976, na hadi leo bado ninalieleza jambo hili.

Pili, kupumzika. Injini ikizimwa wakati valvu ya egzosi iko wazi, hewa yetu ya pwani, yenye chumvi na unyevunyevu, hupita egzosi hadi ndani ya silinda na kuotesha kutu pale pale ringi za pistoni zilipogusa ukuta. Anayeipiga kiki siku tatu mfululizo (mzee alikiri kwamba wajukuu walishindana) anazisugua ringi kavu juu ya kutu hiyo. Mimi hutoa plagi, humimina oili kidogo, huiacha usiku kucha, kisha huingiza gia ya juu na kulizungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono. Ikizunguka huku ikikwaruza kidogo, ninakiri kwamba mpaka leo sina msimamo mmoja kuhusu kuifungua injini: zipo nilizozifungua bure na zipo ambazo nilijuta kutozifungua.

Sasa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ambayo ndiyo inayonitoa jasho. Watu huamini kwamba petroli mpya itaisafisha ile ya zamani. Petroli inapokaa, sehemu zake nyepesi huruka kwanza, na kinachobaki ndani ya bakuli la kabureta hugeuka utomvu, kisha gamba gumu ambalo petroli mpya hulipitia juu kama maji ya mvua yanavyopita juu ya lami. Gamba hilo huanzia kwenye jeti ndogo, kijipande chenye tundu linalopimia injini petroli. Jeti yenye namba 38 ina tundu la takribani milimita 0.38, kwa hiyo halihitaji uchafu mwingi kuziba, na likiziba pikipiki itawaka kwa choki tu, itanguruma ukiishikilia kwa mafuta mengi, lakini haitakaa sailensa, yaani haitanguruma taratibu yenyewe ukiachia mafuta. Hapo ndipo fundi wa mtaani huchukua uzi wa waya wa breki na kuchokonoa. Jeti ni ya shaba nyeupe, laini kuliko waya huo. Tundu hupanuka, pikipiki huanza kunywa petroli na kutoa moshi mweusi, na mwenyewe huambiwa kwamba ringi zimekwisha! Jeti hulowekwa kwenye dawa ya kabureta, hupulizwa kwa kompresa, kisha huangaliwa dhidi ya jua: usipoona duara safi la mwanga, rudia au nunua nyingine. Na usisahau vijitundu vya pembeni mwa jeti, kwani mara nyingi tatizo hubaki humo baada ya tundu la katikati kufunguka.

Wengine hudhani walijikinga kwa kumwaga petroli yote ya tangi. Tangi tupu hutoa jasho kwa ndani na kuota kutu, ambayo baadaye hushuka hadi kwenye kabureta niliyoisafisha. Kabla ya kuiegesha muda mrefu, jaza tangi, funga bomba la petroli, kisha mwaga bakuli la kabureta.

Oili hubadilishwa kabla ya kuwasha, na tena baada ya safari chache. Breki shuu zifunguliwe zote mbili, bila mjadala.

Watu wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, lakini pikipiki ya mzee imelala kwangu siku nne. Jana ilikaa sailensa vizuri, nikamwita aje aichukue, kisha nikainama kutazama tairi la nyuma. Tarakimu zake ni 1509, yaani lilitengenezwa juma la 15 la mwaka 2009. Mzee anasema halijawa kipara, kwa hiyo haoni sababu ya kulibadilisha kwa uzee tu, na mimi sijampa ufunguo.