Kurudi Kenya moja kwa moja: yanayosemwa na yalivyo

Ukitangaza kwamba unaacha Uingereza na kurudi Kenya moja kwa moja, swali la kwanza utakalosikia ni hili: "Kwani umefukuzwa?" Dhana kwamba hakuna anayeondoka Ulaya kwa hiari yake imeota mizizi, nami naona imewaumiza wengi, maana wapo wanaoahirisha safari mwaka hadi mwaka kwa kuogopa maneno ya watu tu. Ukweli ni kwamba wapo wengi wanaorudi na karatasi zao kamili. Wanarudi kwa sababu mama amezeeka, nyumba imekwisha kujengwa, au wamestaafu na baridi imewachosha.

Dhana ninayotaka kukaa nayo zaidi ni kwamba mtu akirudi kwao hana la kuzoea. Mwaka 1955 mwanazuoni wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya wenzake waliokwenda Marekani kwa masomo, akaonyesha jinsi furaha ya mwanzo inavyoshuka, kisha mtu anapozoea ikapanda tena. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza jambo ambalo kila aliyerudi atalikubali: mteremko ule ule humpata mtu mara ya pili, safari hii akiwa kwao. Ugenini ulijua utakuwa mgeni, ukajiandaa. Kwenu nani atakuandaa?

Aliyeondoka Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliacha M-Pesa haijaanza. Ilikuja 2007, na leo hata muuza mahamri anataka alipwe kwa simu. Aliacha mkoa na mkuu wa mkoa. Tangu 2013 anakuta kaunti na gavana, hajui karatasi ipi inatafutwa ofisi ipi. Hayo hujifunzwa. Lililo zito zaidi ni misiba. Hulazimika kupita nyumba hadi nyumba akitoa pole kwa vifo ambavyo wafiwa walishaanua matanga zamani. Wao wamepoa, kwake yeye ndiyo kwanza shangazi hayupo barazani. Akikaa kimya husemwa ana maringo ya Kizungu, kumbe analia peke yake. Nawasihi walio nyumbani: mpeni mtu huyo muda, na mkumbusheni majina ya watoto bila kumcheka.

Halafu kuna hii ya kwamba anayetoka majuu ana pesa. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, fedha nyingi kuliko nchi inavyopata kwa kuuza chai. Lakini fedha hizo zilishafika kabla yake: ni karo, ni dawa za babu, ni mabati, ni arusi za wadogo zake. Anaporudi mshahara umekatika, ila maombi hayakatiki. Ni bora aseme mapema, kabla ya kupanda ndege, kwamba utumaji umekwisha. Inauma kusema, lakini kuchelewa kusema kunavunja udugu.

Pensheni nayo ina uvumi wake. Husemwa kwamba ukiondoka Uingereza umeiacha. Sivyo. Chini ya mfumo ulioanza 2016, mwenye angalau miaka 10 ya michango ya bima ya taifa hupata kiasi fulani cha pensheni ya serikali hata akiishi Malindi. Kwa kawaida kiasi kamili huhitaji miaka 35. Wasichoambiwa wengi ni kwamba ukiishi Kenya haipandi kila mwaka kama inavyopanda kwa walio kule. Kiwango ulichoanza nacho ndicho utakachobaki nacho, huku bei ya unga ikipanda. Keti na kalamu kabla ya kuamua.

Kuhusu kontena, si kweli kwamba arudiye huingiza chochote bila ushuru. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe vyombo vya nyumbani ulivyokwisha kuvitumia na gari moja, mradi umelimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Uwe pia umeishi nje miaka miwili, na likizo zako za nyumbani katika miaka hiyo zisifike siku 90. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Anayenunua gari wiki chache kabla ya safari akidhani amewahi, atalipa.

La mwisho ni kudhani kwamba mlango wa kule utabaki wazi daima. Kibali cha ukaazi wa kudumu cha Uingereza kwa kawaida hufutika ukikaa nje miaka miwili mfululizo. Mwenye pasipoti ya Uingereza hana hofu hiyo, na Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki na uraia wote wawili. Ndugu zetu wa Tanzania hawana nafuu hiyo: mtu mzima aliyejipatia uraia wa nchi nyingine hupoteza wa kwao, na kisheria hurudi Tanga alikozaliwa akiwa raia wa kigeni. Anayetaka kujiachia nafasi ya kubadili nia na azihesabu tarehe zake kabla ya kurudisha funguo za nyumba ya kule.