Goti la mcheza kikapu: kukata au kushona

Mchezaji anapoletwa kwangu goti likiwa limejaa maji, swali lake la kwanza huwa lile lile: nitarudi uwanjani baada ya wiki ngapi? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nimejifunza kwamba swali hilo, ingawa ni la haki kwa mtu anayekula kwa miguu yake, ndilo linaloharibu maamuzi mengi kuhusu goti. Hesabu ya wiki na hesabu ya miaka mara nyingi hupingana, na mfano ninaourudia kwa wagonjwa wangu ni wa mcheza kikapu wa Marekani, Derrick Rose.

Tarehe 28 Aprili 2012, Chicago Bulls walikuwa wakiongoza kwa pointi 12 dhidi ya Philadelphia 76ers, ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache. Rose, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, akiwa na miaka 22, umri mdogo kuliko wa yeyote aliyewahi kuitwaa, alikita miguu yote miwili karibu na kikapu, akaruka, na goti la kushoto likaachia. Hakuna aliyemgonga. Kano mtambuko ya mbele, ile ambayo wanamichezo huiita ACL, ilikuwa imekatika, na msimu mzima uliofuata ukapita bila yeye.

Wengi humsimulia Rose wakaishia hapo. Mimi naona sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile iliyofuata. Kano iliyokatika hutengenezwa upya kwa kupachika kipande cha kano nyingine, mara nyingi kutoka chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, na baada ya mazoezi ya miezi tisa au zaidi wengi hurudi kucheza. Jamal Murray wa Denver Nuggets alikatika ACL Aprili 2021, na Juni 2023 alikuwa bingwa. Kinachonikosesha usingizi mimi ni meniskasi.

Meniskasi ni vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali, vilivyolala kati ya fupa la paja na la muundi. Kazi yake ni ile ya ngata kichwani mwa mtu aliyejitwika ndoo: kuutandaza mzigo ili usikandamize mahali pamoja. Damu huifikia ukingoni tu, upande wa nje. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu, na kwa hiyo mchaniko wa huko hauponi kwa urahisi. Ukingo ukichanika unaweza kushonwa, lakini mchezaji hukaa nje kwa miezi kadhaa. Njia ya mkato ni kukiondoa kipande kilichochanika, na mchezaji akarudi baada ya wiki chache. Tatizo ni kwamba kilichoondolewa hakioti tena, na kadiri ngata inavyopungua ndivyo mfupa unavyozidi kuubeba mzigo wenyewe, hadi goti linaanza kusagika.

Rose alizipitia njia zote mbili kwenye goti moja. Novemba 2013, akiwa ndiyo kwanza amecheza mechi 10 tangu arudi, meniskasi ya goti la kulia ilichanika. Akashonwa, akapoteza msimu. Februari 2015 ikachanika tena, safari hii kipande kikaondolewa, na kabla ya wiki sita kutimia alikuwa uwanjani. Mei mwaka huo alifunga pointi tatu za ushindi dhidi ya Cleveland muda ukimalizika. Ukiitazama mechi hiyo peke yake, utadhani kukata ndilo jibu.

Mtazame basi Brandon Roy wa Portland. Aprili 2010 alifanyiwa upasuaji wa meniskasi, akarudi kucheza mtoano baada ya siku nane. Desemba 2011, akiwa na miaka 27, alitangaza kustaafu kwa sababu ya magoti. Alipojaribu kurudi na Minnesota, aliishia mechi tano. Nakiri kwamba Dwyane Wade ananivurugia hoja: aliondolewa meniskasi mwaka 2002 akiwa chuoni, na bado alicheza NBA hadi 2019 na kutwaa ubingwa mara tatu. Lakini msimu wa 2013–14 alicheza mechi 54 tu kati ya 82, kwa kuwa timu ilikuwa ikimpumzisha makusudi. Si kila klabu ina subira hiyo, wala si kila mchezaji ana jina la kumfanya asubiriwe.

Rose mwenyewe alistaafu mwaka 2024. Goti halikummaliza, ila baada ya 2012 hakuchaguliwa tena kwenye mechi ya kila mwaka ya nyota wa NBA.

Mwaka huu kijana mmoja aliketi kwenye kitanda changu cha matibabu, meniskasi ikiwa imechanika ukingoni, akaniambia, "Dokta, nikatwe tu, ligi inaanza." Nikamwekea mkononi goti la plastiki, nikachomoa hilali moja, nikamwomba abonyeze. Mifupa ikagongana kwa sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kushona kunachukua muda gani. Sasa yuko mwezi wa tatu, na kazi yake ya wiki hii ni kushuka ngazi moja, polepole, bila goti kuegemea upande wa ndani.