Testa Kuwaka Si Ushahidi: Ninayoyasikia Kuhusu Elementi za Hita

Kusi likishaanza kuvuma, simu za hita zinaanza. Wengi wetu hapa Mtwara mjini na Lindi tunaoga maji yalivyotoka bombani mwaka mzima, lakini gesti ina mgeni aliyezoea maji moto na hataki hadithi, nyumbani kuna bibi anaumwa miguu, au kuna mzazi anakandwa na maji lazima yawe ya moto kwelikweli. Newala ndiyo usiseme, Julai asubuhi kule shuka halitoki mwilini. Na simu karibu zote zinakuja na hukumu tayari: "Fundi, hita haipashi, lakini elementi nzima. Nimeipima kwa testa, inawaka."

Nimeisikia Ligula, nimeisikia Mikindani, nimeisikia Lindi, na kibaya zaidi nimeisikia kwa mafundi wenzangu. Leo naiandika ili nikipigiwa tena nitume hii na kukata simu.

Testa, ile bisibisi yenye kataa kwenye mpini, inajibu swali moja tu: hapa nilipogusa pana umeme au hapana. Haijui ohm, yaani waya unauzuia umeme kiasi gani, haijui kama mzunguko umekamilika, wala haina habari na elementi, ule waya wa ndani unaopasha maji. Kale kataa kanawaka kwa umeme kiduchu sana unaopita kwenye kizuizi kilichomo ndani ya mpini, ukaingia kidoleni mwako na kushuka ardhini.

Sasa fuatana nami kwenye vichwa viwili vya elementi, hita ikiwa imewashwa. Tuseme elementi ni nzima. Kwenye kichwa cha waya wa moto testa inawaka. Kwenye kichwa cha nyutro, waya wa kurudishia umeme, haiwaki, kwa sababu nyutro imekivuta hadi usawa wa ardhi. Haya, tuseme elementi imekatika katikati. Kichwa cha waya wa moto, testa inawaka, maana umeme umefika pale na umekwama. Kichwa cha nyutro, haiwaki. Umeona? Majibu ni yale yale. Elementi nzima na elementi mfu zinajibu sawasawa mbele ya testa. Halafu mtu ananiambia amepima!

Wako wanaokwenda mbali zaidi: "Fundi, inawaka pande zote mbili, umeme umejaa." Huyu angalau kaleta habari yenye maana, ila kaisoma kinyume. Testa ikiwaka vichwa vyote viwili, umeme umepita ndani ya elementi, ukatokea upande wa pili, ukakosa pa kwenda. Nyutro imeachia. Elementi haijakatika, ni kweli, lakini hita hiyo haitapasha mpaka Kiama. Tafuta skrubu ya nyutro. Shangani na Mikindani upepo wa bahari unazila hizi skrubu: unakuta ya nyutro imeota ukungu wa kijani, plastiki iliyoizunguka imekuwa kahawia kwa joto, na waya ukiugusa unatoka wenyewe. Kata ncha iliyoungua, chubua upya, badilisha kiunganishi, kaza. Watu wananunua elementi mpya kwa sababu ya skrubu hiyo, wanaifunga, na maji yanabaki vilevile.

Na kufungua mfuniko wa hita yenye umeme, umesimama peku kwenye sakafu ya bafu iliyolowa, ili upate jibu ambalo si jibu, hilo sina neno la heshima la kuliita.

Elementi inapimwa ikiwa haina umeme kabisa. Zima breka kwenye DB, lile boksi la breka za nyumba, usiiamini swichi ya bafuni. Kuna nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye nyutro: ukiizima, hita inanyamaza lakini waya wa moto bado umekaa juu ya elementi unakusubiri. Hapa ndipo testa ina kazi yake. Ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme uone kama inawaka, kisha gusa vichwa vyote viwili, kisha rudi tena kwenye soketi. Halafu fungua nyaya zote mbili uzitoe kwenye elementi. Chukua mita ya fundi (multimita), weka ohm 200, gusanisha ncha zake uone zenyewe zinasoma ngapi, maana hiyo utaitoa kwenye jibu. Sasa pima kichwa kwa kichwa.

Namba ya kutegemea ni hesabu ya shule ya msingi: volti mara volti, gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye elementi. Kwa volti 230 unapata 52,900. Elementi ya wati 1,500 itasoma kama ohm 35, ya wati 2,000 kama 26, ya wati 3,000 kati ya 17 na 18. Hita ya bomba la mvua iliyoandikwa volti 220 na wati 5,500 itasoma karibu ohm 9. Ohm moja au mbili juu au chini si ugomvi. Ikiwa namba inakaribia ya hesabu, waya wa ndani haujakatika.

Hapo linakuja kosa la pili kwa kunitoa jasho. Zile mita za njano za bei rahisi, ambazo kila duka la vifaa vya umeme linazo, zikikosa njia zinaandika 1. Moja peke yake, imejibanza kushoto mwa kioo, haina nukta, haina sifuri. Mtu anasoma "ohm moja" na kufurahi: ndogo, umeme unapita vizuri. Ndugu yangu, hiyo 1 maana yake kipimo kimevuka uwezo wa mita, yaani hakuna njia, elementi imekata. Mita nyingine huandika OL kwa jambo hilohilo. Ohm moja ya kweli ingekuja na nukta yake, 01.0, na hita yenye ohm moja ingekuwa inavuta ampia 230. Breka ingeruka kabla hujaondoa mkono kwenye swichi.

Mlio wa mita, ule wa kuonyesha kwamba njia ipo, nao usiutegemee. Mita nyingi hulia zikikuta ohm chache tu, na kila moja ina kikomo chake. Elementi ya ohm 35 inaweza kulia kwenye mita yako na isilie kwenye ya jirani, na elementi ni ileile. Soma namba.

Kipimo hakijaisha. Nusu ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua. Elementi ya hita ya tenki ni waya uliozungushiwa unga wa magnesia ndani ya bomba la shaba au chuma. Bomba likipata ufa, maji yanaingia, umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa hita na kwenye maji, huku elementi ikiendelea kupasha vizuri kabisa. Kwa hiyo weka mita kwenye ohm za juu kabisa, ncha moja kwenye kichwa cha elementi, nyingine kwenye flanji, kile chuma kinachoishikilia elementi kwenye tenki. Pima kichwa kimoja, kisha cha pili. Hapa ile 1 ya kushoto ndiyo unayoitaka. Ukiona namba yoyote, elementi inavuja.

Lakini nyaya lazima ziwe zimetoka. Nyutro imeunganishwa na ardhi kule kwenye transfoma, na breka nyingi za majumbani zinakata waya wa moto tu. Ukipima na nyutro ikiwa bado imefungwa, mita itakuonyesha njia ya kwenda kwenye chuma, na utaitupa elementi nzima. Kuna elementi nyingi dampo ambazo kosa lake lilikuwa uvivu wa kufungua skrubu moja.

Elementi mpya iliyokaa stoo na hewa yetu hii ya pwani inaweza pia kuonyesha kuvuja kidogo, kwa sababu ule unga unavuta unyevu kupitia mdomoni. Ikaushe kwenye joto la wastani saa kadhaa, upime tena kabla hujagombana na mwenye duka. Na mita ya betri ikisema hakuna kuvuja, ujue imepima kwa volti chache mno. Kama breka ya kuvuja, ile RCD ya miliampia 30, inaendelea kuruka kila hita ikiwashwa, mwite fundi mwenye mega inayopima kwa volti 500. Usiizibe RCD.

Haya yote ya kupima kuvuja ni kwa elementi iliyofunikwa. Hita nyingi za bomba la mvua za bei nafuu zina koili iliyo uchi ndani ya maji, ndivyo zilivyotengenezwa, na usalama wake wote umetundikwa kwenye waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi karibu na bahari, koili ya uchi si yako. Omba ile ya maji chumvi, yenye elementi iliyofunikwa. Ni ghali kidogo. Lipa.

Mengine nayapitia haraka.

"Umeme kukatika na kurudi ndiko kunakounguza elementi." Umeme wa Mtwara nao tumeulalamikia miaka mingi, najua, lakini elementi ni waya wa kupasha, haina ubongo wa kuharibika kama televisheni. Umeme ukishuka hadi volti 180, elementi inatoa kama asilimia 61 ya joto lake na maji yanachelewa, basi. Kinachoiua ni maji kukatika. Hita ya tenki isiyo na valvu ya kuzuia maji kurudi inajimwaga taratibu, elementi inabaki hewani ikiwaka, na ndani ya dakika chache imekwisha. Wengine wanaiua siku ileile ya kuifunga: wanawasha kabla tenki halijajaa. Fungua bomba la maji moto, subiri maji yatoke mfululizo bila kukohoa, ndipo uwashe.

"Iwashe kavu uone kama inakuwa nyekundu." Ukiona nyekundu umeshaiua. Na wale wa kuitumbukiza kwenye ndoo na kuichomeka kwenye soketi kwa nyaya za uchi wasiniite nije kuangalia.

"Elementi yenye chokaa inakula umeme zaidi, ndiyo maana LUKU inaisha." Ohm hazibadiliki kwa chokaa, kwa hiyo wati ni zilezile. Chokaa inazuia joto lisitoke, bomba la elementi linachemka kupita kiasi, linapasuka, na hapo ndipo kuvuja kunapoanza. Tuna chokaa ya kutosha ardhini, kiwanda cha saruji hakikuja Mtwara kutafuta mchanga. Kwangu mimi gesti yoyote inayotumia maji ya kisima ingefungua elementi na kuikwangua kabla msimu wa korosho haujajaza vyumba. LUKU ikikimbia, angalia themostati, kile kidhibiti joto cha kuizima hita, kama imeganda.

"Hita haipashi, basi ni elementi." Kwenye hita ya tenki bonyeza kwanza kitufe kidogo cha usalama kwenye themostati, breka ikiwa imezimwa. Kikirudi na hita ikapasha, sawa. Kikiruka tena kesho, themostati haizimi inapotakiwa, na kukibonyeza kila siku si matengenezo.

"Breka inaruka, weka kubwa." Elementi ya wati 3,000 inavuta ampia 13. Kama breka ya 20 inaruka, kuna kitu kimeharibika. Ukiweka ya 40 kwenye waya wa milimita 2.5, kitakachoungua sasa ni waya ulioko ndani ya ukuta.

"Kushtua kidogo ni kawaida ya hita." Hili naambiwa na watu wazima, wenye watoto wanaooga humo. Ukigusa bomba na kuhisi kama sisimizi wanatembea vidoleni, elementi inavuja na ethi haifanyi kazi, vyote viwili kwa pamoja. Zima breka sasa hivi, maji ya moto yachemshwe kwenye sufuria. Kisha fungua mfuniko uutafute waya wa kijani na njano. Mara nyingi nauona umekatwa, umekunjwa na kufungwa selotepu nyeusi, kwa sababu aliyefunga hita alisema hauna kazi. Urudishwe, ufuatwe hadi kwenye DB, na rodi ya ethi nje ipimwe, maana kuna nyumba ambazo rodi yenyewe haipo, waya umechomekwa tu kwenye mchanga mkavu.