Je, wajua? Ukuta mweusi unaweza kulitunza jua la mchana hadi usiku

Odeillo ni kijiji cha milima ya Pyrenees, kusini mwa Ufaransa, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Theluji huanguka, lakini jua nalo halikosekani. Hapo, mwaka 1967, mwanasayansi Félix Trombe na msanifu majengo Jacques Michel walijenga nyumba inayopashwa joto na ukuta wake wa kusini. Haina paneli wala betri: ni zege nene la sentimita 60 hivi, limepakwa rangi nyeusi, na mbele yake kimewekwa kioo.

Ukuta huo leo unaitwa kwa jina la Trombe, ingawa Mmarekani Edward Morse alishapata hataza ya wazo hilo mwaka 1881. Ndivyo majina yanavyogawiwa.

Siri ya kwanza ni kioo. Mwanga wa jua hupenya, zege jeusi likaunyonya na kupata moto. Zege nalo hutoa mionzi yake, ila hiyo ni ya mawimbi marefu ambayo kioo hakiipitishi. Hii ni sababu mojawapo gari lililoegeshwa juani huku vioo vimefungwa hugeuka tanuri. Hewa iliyobanwa kati ya kioo na ukuta hupata joto, hupanda na kuingia chumbani kwa matundu ya juu, huku ile ya baridi ikitoka chumbani kwa matundu ya chini. Usiku matundu hufungwa, la sivyo mzunguko hugeuka na joto kutoroka.

Siri ya pili, na kwangu ndiyo tamu zaidi, ni uzito. Joto hutembea polepole ndani ya zege. Kwa ukuta wa sentimita 40, huchukua takribani saa nane hadi kumi kufika upande wa pili. Basi jua la saa sita mchana linafika chumbani kati ya saa mbili na saa nne usiku, watu wanapolihitaji.

Je, wakati wa joto nyumba haiungui? Odeillo, jua la mchana wa Desemba hukaa chini, nyuzi 24 tu juu ya upeo, likaugonga ukuta karibu uso kwa uso. Mwezi Juni hupanda hadi nyuzi 71, na upenu wa kawaida unatosha kuutia ukuta kivuli. Ukitoboa tundu la kutolea hewa nje juu ya kioo, hewa moto inayopanda humo huvuta hewa baridi kutoka madirisha ya upande wenye kivuli. Ukuta uleule unapooza.

Dar es Salaam ukuta huu ungekuwa adhabu. Pwani inataka kivuli na upepo. Njombe, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ni habari nyingine. Huko Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa ndani ili waote moto, na moshi wake usioonekana unaua. Ukuta wa Njombe ungetazama kaskazini, maana ndiko jua linakoegemea miezi hiyo. Lingekuwa juu zaidi kuliko la Odeillo, nyuzi 57 hivi saa sita mchana, hivyo ukuta ungepata joto dogo zaidi. Ila ifikapo Desemba jua la mchana huhamia kusini ya nyumba, na ukuta wa kaskazini hubaki kivulini hata bila upenu.