Msumeno wa meza wa mtumba: kagua kwanza, ndipo ulipe

Wakaguzi wetu wakifika kwenye karakana za mbao hukutana na hoja ile ile: "Mashine nimeinunua hivi hivi ilivyo, kosa langu liko wapi?" Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 2003, inamwajibisha mwajiri ambaye wafanyakazi wake wanaitumia mashine hiyo. Risiti ya muuzaji haimkingi. Mkaguzi anaweza kumwandikia notisi ya kurekebisha kasoro ndani ya muda maalumu, na hatari ikiwa ya papo hapo, anaweza kuzuia mashine isitumike kabisa. Anayepuuza notisi hufikishwa mahakamani, na adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Kwa hiyo tunawasihi mafundi: msitume fedha kwa kutazama picha za simu.

Soma kwanza kibati cha mota. Umeme wetu ni volti 230 kwa njia (fezi) moja, 400 kwa njia tatu, hezi 50 (yaani mkondo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde). Misumeno mingi midogo ya Marekani ni ya volti 120, hezi 60. Wengi hudhani transfoma inamaliza tatizo. Haimalizi! Transfoma hubadili volti tu, hezi hubaki 50. Mota isiyo na kaboni (vipande vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) iliyoundwa kwa mizunguko 3,450 kwa dakika itashuka hadi karibu 2,875, na itapata joto kupita kiasi. Mota za kaboni hazisumbuliwi na hezi.

Kisha chomoa waya wa umeme, ushike msumeno wenyewe, yaani duara la meno, kwa glavu na kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza, beringi au shafti imekwisha. Weka alama kwenye jino moja, pima umbali wake hadi mfereji wa meza (ule wa kuongozea mbao) likiwa mbele, lizungushe hadi nyuma, upime tena. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kulegeza bolti zinazoshikilia mota au meza. Ila chungulia chini kwa tochi: chuma cha kutupwa kinachobeba shafti kikiwa na ufa, achana na mashine hiyo.

Kinachokosekana mara nyingi zaidi ni kisu kinachosimama nyuma ya msumeno. Mafundi hukitoa wakisema kinawachelewesha, na hapo ndipo ajali huanzia: mbao ikijibana, meno ya nyuma yanayopanda huinyanyua na kuirusha kwa aliyesimama mbele, huku mkono wake ukivutwa kwenye meno. Kisu kiwe kinene kuliko mwili wa msumeno lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Msumeno wenye mwili wa milimita 1.8 na njia ya 2.8 unataka kisu cha kama 2.3, kikae umbali wa milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno.

Jaribu pia swichi. Toa msumeno, washa mota, kata umeme ukutani, kisha urudishe. Mota ikiwaka yenyewe, hiyo swichi ibadilishwe kabla ya mtu kuitumia mashine, kwa sababu umeme hukatika na kurudi mkono ukiwa mezani.

Kisu kisipokuwepo, mtake muuzaji aseme kwa maandishi kama kinapatikana kwa modeli hiyo hiyo. Cha modeli nyingine mara nyingi hakiingii kwenye kishikizo chake, na cha kuchongesha mtaani kikipinda huigusa mbao na kuibana, yaani huleta hatari ile ile kiliyowekwa kuizuia.