Paa lile halikuwa na mtu

Ukitaja Butler, Pennsylvania, wengi wanakumbuka picha: Donald Trump, damu shavuni, ngumi juu, bendera nyuma yake. Aliipiga Evan Vucci wa shirika la habari la AP tarehe 13 Julai 2024, siku Trump, akigombea urais wa Marekani, alipopigwa risasi mkutanoni kutoka juu ya paa. Mimi nimezeekea kwenye kazi ya ulinzi wa mikutano, na kila nikiiona picha ile macho yangu hutoka nje yake kwenda kutafuta paa.

Paa lenyewe lilikuwa chini ya mita 150 kutoka jukwaani. Kwa bunduki aliyobeba mshambuliaji, kijana wa miaka 20, hapo ni karibu mno. Jengo lilikuwa nje ya uzio wa ukaguzi, basi Secret Service, wanaowalinda marais na wagombea, wakaliacha mikononi mwa polisi wa eneo lile. Polisi nao walikuwa na walenga shabaha ndani ya majengo hayohayo, wakichungulia dirishani. Juu ya vichwa vyao hapakuwa na mtu.

Huwa naulizwa kama ilikuwa njama. Mimi naona redio. Pande mbili hizo zilikuwa na vituo viwili vya amri na mawasiliano yasiyoungana. Polisi walimtilia shaka kijana yule zaidi ya saa nzima kabla, wakampiga picha, wakaona ana kifaa cha kupimia umbali. Habari ikasafiri kwa simu na ujumbe, mkono kwa mkono, huku mgombea akipanda jukwaani. Aliyejua hakuwa na amri; mwenye amri hakujua. Polisi mmoja aliponing'inia ukingoni mwa paa alielekezewa bunduki, akaachia, akaanguka. Muda mfupi baadaye zikalia risasi 8. Mtazamaji mmoja alikufa, wawili wakaumia vibaya, Trump akajeruhiwa sikio.

Mkurugenzi wa Secret Service, Kimberly Cheatle, alieleza kwamba paa lilikuwa na mteremko, kumpandisha mtu kungekuwa hatari. Nilicheka kwa uchungu. Wadunguaji wake mwenyewe siku ile walikuwa wamekaa juu ya mapaa yenye mteremko! Alijiuzulu tarehe 23 Julai.

Lakini nani alikuwa bado anasikiliza? Siku mbili tu baada ya risasi, mkutano mkuu wa Republican, chama cha Trump, ulifunguliwa Milwaukee. Picha ikawa fulana, wajumbe wakajibandika bandeji sikioni, na mcheza mieleka Hulk Hogan akapanda jukwaani kuchana fulana yake kama yuko ulingoni. Habari ya paa ikafunikwa na shangwe.

Tarehe 10 Septemba 2025, Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina aliyemuunga mkono Trump, akauawa akihutubia Chuo Kikuu cha Utah Valley. Risasi moja, kutoka juu ya paa, mita 130 hivi. Yeye hakuwa mtu wa kulindwa na Secret Service. Alikuwa na walinzi wake na polisi wachache wa chuo, mbele ya watu kama 3,000, uwanja wa wazi uliozungukwa na majengo. Wengi walilalamika kwamba hapakuwa na mashine za kukagua chuma. Sawa, lakini aliye juu ya paa hapiti mlangoni.

Ningeulizwa mimi, ningetaka askari mmoja juu, redio moja, na chupa ya maji. Anakaa kwa muda wa saa sita juu ya bati la moto, hakuna kinachotokea, anashuka. Hakuna mpiga picha atakayemtafuta.